Uchambuzi: Saratani iliyomo majini Cabo Delgado si ile inayohofiwa

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, wapo wanaoihofia klorini inayotiwa visimani na wapo wanaoihofia gesi ya Afungi. Lakini uhusiano wa maji na saratani ulio na ushahidi mzito zaidi katika eneo hilo hupitia kwenye ngozi ya mtoto aliyesimama dimbwini, na vita vya tangu mwaka 2017 vimeipanua njia hiyo.

Anayeshuka kusini kutoka mdomo wa mto Ruvuma hupita Palma, iliyojulikana zamani kama Tungi, kisha Mocimboa da Praia, kisha Quiterajo na Mucojo katika wilaya ya Macomia, hadi Quissanga na kisiwa cha Ibo. Huko husikika Kimwani, Kimakonde, Kimakua na, hasa upande wa Palma, Kiswahili. Ni pwani iliyozungukwa na maji, na shida yake ya kila siku ni maji. Visima vinavyochimbwa kwa mkono karibu na ufuo huingia chumvi, zaidi mwishoni mwa kiangazi, pale maji baridi yaliyo chini ya mchanga yanapopungua na bahari kujipenyeza mahali pake. Pampu za mkono zilizofungwa na serikali au mashirika ya misaada hukwama kwa kukosa kipuri kidogo tu. Hapo mtu hurudi alikotoka: mtoni, dimbwini, au kwenye bonde la mpunga.

Maji ya namna hiyo hubeba mambo mengi, na si yote yenye hatari sawa. Kuyatenganisha ni kazi muhimu, kwa sababu katika eneo hili hofu iliyoelekezwa mahali pasipo pake imewahi kuua watu.

Klorini na jina linalofanana na maradhi

Kwa Kireno klorini ni cloro, na kipindupindu ni cólera. Katika sikio la mtu ambaye Kireno si lugha ya nyumbani kwake, maneno hayo mawili yanakaribiana mno. Kwa zaidi ya miongo miwili, katika mikoa ya Nampula na Cabo Delgado, kila kipindupindu kinapozuka huzuka pia uvumi kwamba wale wanaokuja kutia cloro kisimani ndio wanaotia cólera. Mwanasosholojia Carlos Serra wa Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane aliuchunguza uvumi huo katika kitabu chake Cólera e Catarse, naye hakuuchukulia kuwa ujinga wa wanavijiji. Aliuona kama lugha ya watu wanaoamini kwamba serikali iliyo mbali, isiyowaletea shule wala barabara, haiwezi kuwafikia ghafla na chupa ya dawa kwa nia njema.

Mwaka 2009 wafanyakazi wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu waliuawa mkoani Nampula kutokana na tuhuma za aina hiyo. Tarehe 7 Aprili 2024, chombo kilichojaa watu kupita kiasi kilizama karibu na Kisiwa cha Msumbiji kikitokea Lunga, na zaidi ya watu 90 wakafa maji, wengi wao watoto. Maafisa wa mkoa walisema abiria hao walikuwa wakikimbia uvumi kuhusu kipindupindu.

Hofu ya klorini ina sura nyingine pia, ambayo haitoki vijijini bali kwenye maabara. Klorini inapokutana na mabaki ya majani na udongo ndani ya maji hutengeneza kemikali nyingine, mojawapo ikiwa klorofomu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, WHO, limeiweka klorofomu katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Baadhi ya tafiti za Ulaya na Marekani zimeona ongezeko dogo la saratani ya kibofu cha mkojo kwa watu waliokunywa maji yenye kemikali hizo kwa miongo mingi. Kwa upande mwingine, IARC ilipoyatazama maji ya kunywa yaliyotiwa klorini kwa ujumla wake, mwaka 1991, haikupata ushahidi wa kutosha wa kuyahukumu.

WHO imeweka kiwango cha mwongozo cha klorofomu, mikrogramu 300 katika lita moja, lakini inasisitiza kwamba usafishaji wa maji usilegezwe kamwe kwa sababu ya kuzihofia kemikali hizi. Hesabu yake inaeleweka kwa urahisi Cabo Delgado. Kimbunga Kenneth kilipiga pwani hii tarehe 25 Aprili 2019. Wiki moja baadaye kipindupindu kilikuwa kimetangazwa Pemba, makao makuu ya mkoa. Mgonjwa wa kipindupindu asiyepata maji ya chumvichumvi ya kunywa au dripu anaweza kufa katika muda wa saa chache. Saratani inayotokana na klorofomu, kama ipo, ingemfikia mtu aliyeyanywa maji hayo kwa miaka 30 au 40. Dawa ya kutibu maji inayouzwa madukani nchini Msumbiji inaitwa Certeza, yaani uhakika, na kwa mama wa Palma mwenye ndoo moja ya maji ya mto, jina hilo halijatiwa chumvi.

Kuhusu gesi

Hofu ya pili ni changa zaidi. Rasi ya Afungi, kusini mwa mji wa Palma, ndipo TotalEnergies ya Ufaransa inapojenga kiwanda cha kugandisha gesi. Mradi ulisimama baada ya shambulio la Palma la Machi 2021, na mwishoni mwa mwaka 2025 kampuni ikatangaza kuliondoa tamko la dharura lililokuwa limeufunga. Gesi yenyewe iko chini ya sakafu ya bahari, mbali na pwani, kwenye kina kirefu; haichimbwi chini ya visima vya watu. Hata hivyo, kiwanda, malori, matangi ya mafuta na majitaka ya maelfu ya wafanyakazi viko nchi kavu. Bidhaa za mafuta zina benzini, na benzini ni kisababishi cha saratani kisicho na mjadala.

Wakaazi wa eneo hilo hawastahili kutulizwa kwa maneno. Wanachostahili ni vipimo vya visima vyao vilivyochukuliwa kabla kiwanda hakijaanza kazi na vikabandikwa mahali wanapoweza kuvisoma, kwa lugha wanayoisoma, ili miaka kumi ijayo pawepo kitu cha kulinganisha. Pasipo vipimo hivyo, kila mgonjwa atakayetokea atakuwa ushahidi kwa anayetaka kuamini, na hatakuwa ushahidi kwa anayetaka kukana. Zaidi ya hapo, kwa sasa, hakuna la kusemwa kwa haki kuhusu gesi na saratani katika pwani hii.

Mdudu anayeingia kwa ngozi

Kuhusu kichocho hali ni tofauti. Hapa ushahidi ni wa zaidi ya karne moja.

Mwaka 1851, mjini Cairo, daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliwakuta minyoo ndani ya mishipa ya damu ya maiti aliyokuwa akiichunguza. Mwaka 1911, katika mji huohuo, A. R. Ferguson alieleza jinsi wagonjwa wake wa saratani ya kibofu walivyokuwa pia na kichocho. Mwaka 1994, IARC ilimweka mnyoo wa kichocho cha mkojo, Schistosoma haematobium, katika kundi la kwanza, lile la visababishi vilivyothibitishwa kabisa, pamoja na tumbaku na asbesto. Klorofomu iko kundi la chini yake.

Mzunguko wa mnyoo huyu ni rahisi kuueleza na mgumu kuuvunja. Mwenye kichocho anapokojoa majini, mayai hupasuka na kutoa viumbe wadogo wanaotafuta konokono wa maji baridi wa jamii ya Bulinus. Ndani ya konokono huongezeka, kisha wiki kadhaa baadaye hutoka kwa maelfu, hasa jua linapokuwa kali, yaani saa zilezile watoto wanapoogelea na wanawake wanapofua. Hupenya kwenye ngozi bila maumivu makubwa. Mwishowe minyoo, dume na jike, hukaa katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu, ambako wanaweza kuishi kwa miaka, jike akitaga mayai kila siku. Sehemu ya mayai hutoka na mkojo. Mengine hunasa katika ukuta wa kibofu.

Ni hayo yaliyonasa ndiyo yenye habari yetu. Mwili huyapiga vita kama mwiba ulioingia nyamani: huyazingira, huvimba, hujenga kovu. Kibofu hukakamaa. Bakteria hupata pa kujificha, na baadhi yao hubadili kemikali zilizomo katika mkojo kuwa nitrosamini, ambazo zenyewe ni sumu ya saratani. Chembe za ukuta wa kibofu zinazojeruhiwa na kujijenga upya kwa miaka 20 au 30 hufikia mahali zikakosea, na huko ndiko saratani huanzia. Katika nchi zisizo na kichocho, saratani ya kibofu kwa kawaida ni ugonjwa wa wazee, mara nyingi wavutaji wa sigara. Penye kichocho huwapata watu wa miaka 40 na kitu, wangali na watoto wa kusomesha, na mara nyingi huwa ya aina nyingine, iliyokwisha kuzama ndani ya msuli wa kibofu wakati mgonjwa anapofika hospitalini.

Je, ni maji ya kunywa? Kwa sehemu ndogo tu. Viumbe hao wanaweza kupenya kwenye midomo na utando wa kinywa cha anayekunywa moja kwa moja mtoni, lakini tumboni hawaishi. Hatari kubwa ni kuingia majini: kuchota, kufua, kuoga, kuvuka, kupanda mpunga. Baharini hawamo, kwa kuwa konokono wao hawaishi katika maji ya chumvi. Mvuvi anayeshinda baharini hadi kifuani haambukizwi huko. Huambukizwa jioni, anapokwenda kwenye kidimbwi kuondoa chumvi mwilini.

Hapo ndipo kisima kilichoingia chumvi kinapoungana na saratani, ingawa chumvi yenyewe haihusiki nayo. Sabuni haitoi povu vizuri katika maji ya chumvi. Mwanamke mwenye kisima cha namna hiyo uani bado atabeba nguo hadi kwenye maji baridi ya wazi, na watoto watamfuata. Takwimu za huduma ya maji zitamhesabu kuwa mtu aliyefikiwa na kisima. Mnyoo hasomi takwimu.

Kiasi gani?

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Msumbiji kati ya mwaka 2005 na 2007, ukiwapima zaidi ya wanafunzi 83,000, ulikuta kichocho cha mkojo kwa asilimia 47 yao, na kaskazini ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi. Kuanzia mwaka 2011 Cabo Delgado ikawa mojawapo ya maeneo ya utafiti mkubwa wa kimataifa ulioitwa SCORE, uliolinganisha njia mbalimbali za kugawa dawa ya prazikwanteli: kwa wanafunzi peke yao au kwa kijiji kizima, kila mwaka au kwa kupumzika mwaka mmoja au miwili. Mwanzoni, karibu watoto sita katika kila kumi walikuwa na maambukizi. Baada ya miaka minne ya dawa, walikuwa karibu wanne katika kumi.

Matokeo hayo yanaweza kusomwa kwa njia mbili, na zote ni sahihi. Dawa inafanya kazi: idadi ya mayai hushuka, damu kwenye mkojo hupungua, na majeraha ya kibofu ya mtoto, yanayoonekana kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, mara nyingi hupona ndani ya miezi michache ya matibabu. Faida hii huwa kubwa zaidi kwa mtoto kuliko kwa mtu mzima mwenye makovu ya miaka 20. Lakini dawa peke yake haikuyasafisha maji. Mtoto anayemeza vidonge Jumatatu na kuingia dimbwini Jumanne huanza upya. Watafiti wa SCORE walikuta katika nchi mbalimbali vijiji sugu ambavyo, hata vikipewa dawa kila mwaka, havikushuka kama majirani zao.

Utafiti huo uliisha mwaka 2015. Miaka miwili baadaye, tarehe 5 Oktoba 2017, watu wenye silaha walivamia vituo vya polisi vya Mocimboa da Praia.

Vita na dimbwi

Yaliyofuata yanajulikana. Mocimboa da Praia ilitekwa Agosti 2020 na kurejeshwa Agosti 2021 na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, waliohama makwao walifikia milioni moja katika mwaka 2022. Vituo vya afya vingi katika wilaya za pwani vilichomwa, viliporwa au vilifungwa. Mei 2024 mji wa Macomia ulivamiwa tena, na Madaktari Wasio na Mipaka wakalazimika kusitisha kazi zao huko.

Habari za vita huhesabu waliouawa na waliohama, kama inavyopasa. Yasiyohesabiwa ni yale yanayotokea mwilini mwa aliyenusurika. Anayekimbia hulala porini na kunywa anachokikuta. Kambi ya wakimbizi wa ndani hupata maji ya kunywa ya gari au tangi, kwa kipimo, na kipimo hicho hakitoshi kufulia nguo za watu wanane. Kijito kilicho karibu hubeba mzigo uliobaki. Watu wa kijiji kisicho na kichocho huhamia kijiji chenye nacho, na wenye nacho huhamia kwenye mto ambao ulikuwa na konokono tu ukingoja mayai. Ni rahisi kuiona mantiki hii, na ni vigumu sana kuipima pale ambapo mpimaji mwenyewe hawezi kufika.

Kuna jambo la pili, la kiutawala, na kwa maoni yangu ndilo zito zaidi. Prazikwanteli barani Afrika hugawiwa hasa shuleni. Ndiko watoto waliko kwa wingi, na mwalimu anaweza kuwapima urefu kwa ufito wenye alama unaoonyesha idadi ya vidonge. Kampuni ya Merck ya Ujerumani huitoa dawa hiyo bure kupitia WHO, hadi vidonge milioni 250 kwa mwaka, kwa ajili hasa ya watoto wa umri wa shule. Mpango huo ulijengwa juu ya dhana kwamba mtoto yuko shuleni. Katika pwani ya Cabo Delgado, kwa miaka kadhaa, shule nyingi zilifungwa na walimu walikimbia. Aliyekuwa na miaka saba mwaka 2020 ana miaka mingi ya kwenda dimbwini ambayo hakuna ufito uliowahi kusimamishwa mbele yake.

Wasichana na wanawake wana mzigo wa ziada. Mayai hayanasi katika kibofu peke yake. Hunasa pia katika mlango wa kizazi na sehemu za siri, yakaleta vidonda, maumivu na damu, na tafiti kadhaa zimehusisha hali hiyo na uwezekano mkubwa zaidi wa kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Katika mkoa jirani wa Nampula, uchunguzi wa mitazamo ya jamii uliwakuta watu wengi wakiamini kwamba kichocho huambukizwa kwa kujamiiana. Binti mwenye damu kwenye mkojo, basi, hunyamaza. Kwa mvulana mambo huwa kinyume: katika sehemu nyingi za Afrika damu hiyo imechukuliwa kama dalili ya kubalehe, jambo la kawaida lisilohitaji daktari. Mmoja anaficha kwa aibu, mwingine haoni cha kuficha, na kibofu cha wote wawili kinaendelea kuchakaa.

Deni la miaka

Ni miaka mingapi hupita kati ya maji na saratani? Mfano ulio wazi zaidi hautoki Afrika. Mji wa Antofagasta, kaskazini mwa Chile, ulianza mwaka 1958 kunywa maji ya mito yenye aseniki nyingi, na mwaka 1970 mtambo wa kuyasafisha ukafungwa. Miaka 12 tu. Lakini vifo vya saratani ya kibofu na ya mapafu vilibaki juu kwa miongo kadhaa baada ya maji kusafishwa. Aseniki si kichocho, na hakuna sababu ya kudhani kwamba tatizo la Antofagasta liko Palma. Ila kibofu kilekile kimeonyesha jinsi kinavyotunza kumbukumbu.

Kwa kichocho chenyewe, darasa ni Misri. Katika Taasisi ya Taifa ya Saratani mjini Cairo, zaidi ya robo tatu ya saratani za kibofu zilizoonekana mwaka 1980 zilikuwa za ile aina inayoambatana na kichocho. Mwaka 2005, baada ya miaka ya kampeni za prazikwanteli, zilikuwa zimebaki zaidi kidogo ya robo. Haina maana kwamba saratani ya kibofu ilitoweka Misri. Aina inayohusishwa na sigara ilichukua nafasi kubwa zaidi. Hata hivyo ni nadra katika historia ya tiba kuona saratani ikirudi nyuma kwa vidonge vya mnyoo.

Misri inafundisha pia jambo la kutisha. Kabla ya vidonge, kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali iliwatibu wananchi wake kwa sindano za dawa ya antimoni, na sindano zilitumika tena bila kuchemshwa ipasavyo. Kampeni hiyo ilieneza virusi vya homa ya ini aina ya C kwa kiwango kisichowahi kuonekana kwingine duniani, na pamoja navyo saratani ya ini. Anayemshangaa mwanakijiji wa Cabo Delgado kwa kumtilia shaka mtu aliyekuja na chupa, basi aikumbuke habari hiyo. Shaka hiyo haijibiwi kwa kumcheka.

Karibu zaidi na nyumbani iko Zanzibar, ambako wengi wa pwani ya Palma wana jamaa. Mradi wa kutokomeza kichocho uliofanywa Unguja na Pemba (kisiwa, si mji wa Cabo Delgado) kati ya mwaka 2012 na 2017 ulihusisha shehia 90. Wote walipewa dawa mara mbili kwa mwaka, watoto na watu wazima. Baadhi ya shehia ziliongezewa kuua konokono, nyingine elimu na mabadiliko ya mazoea. Maambukizi yalishuka hadi viwango vidogo sana. Hata hivyo hayakukatika kabisa, na nyongeza hizo mbili hazikuleta tofauti kubwa iliyotarajiwa juu ya dawa peke yake. Zanzibar ilikuwa na mambo mawili ambayo Cabo Delgado haina: amani ya kutosha kwa mgawaji dawa kufika kila nyumba, na miaka mingi ya kazi iliyotangulia.

Kinachowezekana sasa

Mwaka 2022 WHO ilibadili mwongozo wake na kupendekeza kwamba, penye maambukizi ya kuanzia asilimia 10, dawa itolewe kwa kila mtu wa umri wa miaka miwili na kuendelea, wakiwamo watu wazima na wajawazito baada ya miezi mitatu ya kwanza. Kwa Cabo Delgado badiliko hilo ni kubwa, kwa maana linauondoa mlango wa shule kuwa mlango pekee. Kambi, foleni ya chakula, kliniki ya mama na mtoto, timu ya chanjo ya kipindupindu: kila mahali ambapo watu wamekwisha kukusanyika panaweza kuwa mahali pa kumeza vidonge. Tatizo ni kwamba dawa ya msaada bado imepangiwa hasa watoto wa shule, na ya watu wazima inahitaji mfuko wa mtu mwingine. Katika mwaka 2021, duniani kote, waliohitaji dawa ya kinga walikuwa zaidi ya milioni 251. Waliopewa walikuwa milioni 75 na kidogo.

Upimaji nao hauhitaji hospitali kubwa. Ukanda wa karatasi unaochovywa kwenye mkojo huonyesha damu isiyoonekana kwa macho katika dakika moja au mbili, na katika eneo lenye kichocho kingi damu hiyo kwa mtoto ni dalili tosha ya kumpa dawa. Kwa mtu mzima wa miaka 35 au zaidi, ukanda uleule una maana nyingine: ni sababu ya kumtafutia kipimo cha kibofu kabla hajachelewa. Hapo ndipo njia inapokatika. Kutoka Palma hadi mji wa Pemba ni safari ndefu ya barabara ambayo mara kwa mara haipitiki kwa sababu ya mvua au mashambulizi, na kutoka Pemba hadi Hospitali Kuu ya Maputo ni zaidi ya kilomita 2,000.

Nyumbani, lipo jambo moja lisilogharimu chochote. Viumbe wa kichocho wakishatoka kwenye konokono hawaishi zaidi ya siku mbili. Maji ya mto yaliyotulia ndani ya pipa lililofunikwa kwa siku mbili kamili yanaweza kuogewa bila hofu ya kichocho, ingawa ya kunywa bado yatahitaji kuchemshwa au kutiwa klorini. Ushauri huu ni mzuri kwa mwenye pipa mawili, moja la leo na moja la kesho kutwa. Katika hema la waliohama, ndoo iliyopo mara nyingi ni moja.

Swali lililobaki ni nani atahesabu. Uchunguzi wa kwanza mkubwa wa saratani nchini Msumbiji ulifanywa na madaktari Prates na Torres katika mji wa Lourenço Marques, Maputo ya leo, kwa wagonjwa wa mwaka 1956 hadi 1960. Tangu hapo, rejesta za saratani za nchi hiyo zimekuwa katika miji mikubwa kama Maputo na Beira. Mtoto aliyevuka bonde la mto Messalo akikimbia mwaka 2020, maji yakimfika kiunoni, atakuwa na miaka 40 na kitu katika miaka ya 2050. Akiugua, ugonjwa wake utaandikwa katika daftari ikiwa atakuwa na nauli ya kulifikia.